Basi la Kupanda, Treni ya Kushuka

Kigoma imezoea kuitwa mwisho wa reli, na jina hilo limewafanya wengi waamini kwamba treni huku ina kazi moja tu: kuleta watu kutoka Dar es Salaam na kuwarudisha. Hoja yangu ni kwamba reli hiyohiyo, ikifungamanishwa na mabasi ya Kasulu, ingewapa wakazi wa Ujiji na wageni wao safari ya siku moja: asubuhi kupanda milima ya Buha, jioni kurudi kando ya Ziwa Tanganyika kabla giza halijaingia. Barabara ipo, reli ipo. Kinachokosekana ni ratiba.

Kwa nini vyombo viwili, na si kimoja? Jibu liko kwenye historia ya njia yenyewe. Misafara ya karne ya 19 ilitumia miezi kutoka pwani hadi Ujiji. Wavumbuzi Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaliona ziwa Februari 1858. Kwenye vivuko vya mto Malagarasi wasafiri walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala wa Uvinza, ambao eneo lao lilikuwa pia na chemchemi za chumvi iliyouzwa mbali. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, walifuata uelekeo uleule kwa sehemu kubwa, si kwa kuiheshimu misafara, bali kwa kuwa treni haipendi mlima. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Ujiji, mji mkongwe na maarufu kuliko wote ziwani, ukaachwa pembeni, kwa sababu ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo, ilhali ufuko wa Ujiji uko wazi na maji yake hayana kina. Tangu hapo abiria wa treni huona mabonde ya Malagarasi na Luiche, lakini Kasulu na Heru Juu, zilizo milimani, hazioni kamwe. Milima aliachiwa mwenye basi.

Basi peke yake, basi, huonyesha nusu ya nchi, na treni nusu nyingine. Anayetoka Ujiji kwa basi huanzia kando ya ziwa, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, katika joto na michikichi. Akipita Kidahwe na kufika Kasulu ameshavuka mita 1,200. Hewa imebadilika, na mashamba nayo yamebadilika. Huku ni maharage na migomba, na kuelekea Buhigwe na Manyovu ni kahawa. Hapo ndipo msafiri anapoelewa soko la Ujiji kuliko alipokuwa amesimama ndani yake: dagaa, migebuka na mawese vinapanda, maharage yanashuka, na anayepanga biashara hiyo ni mwinuko wa ardhi. Kutoka Kasulu njia hushuka hadi Uvinza, kwenye chumvi ile ya zamani, na hapo angeipata treni ya kumrudisha Kigoma, kilomita mia moja na ushei, akiwa ameketi dirishani bila haraka.

Atakayepinga ataanza na ucheleweshaji, na ana haki. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hupita Uvinza siku chache tu kwa wiki, na mafuriko ya Kilosa na Gulwe, mbali huko mashariki, yameshaikatiza njia mara nyingi. Lakini pingamizi hilo likichunguzwa linaisaidia hoja. Treni fupi inayolala Kigoma, ikaenda Uvinza na kurudi siku hiyohiyo, haina habari na mafuriko ya Kilosa. Mwingine atasema tusubiri reli ya kisasa, kwa kuwa mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Reli hiyo ni ya mizigo mikubwa na safari ndefu, na ikikamilika itaipunguzia mzigo ile ya zamani, si kuizuia. Pingamizi zito ni la pesa: nani atapanda, wakati basi ni la haraka? Hapa lazima tukubali kwamba mfanyabiashara mwenye gunia la maharage hatalisubiri behewa. Wateja ni wengine: wanafunzi wa jiografia na historia, familia siku za mapumziko, na wageni wa hifadhi za Gombe na Mahale ambao leo hushuka kwenye ndege, wakapanda boti, wakaondoka bila kuujua mkoa. Tena Watanzania hawajaikimbia reli ya zamani. Treni iliporudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, baada ya miongo karibu mitatu, abiria walijitokeza.

Wala wembamba wa reli yetu si kisingizio. Njia ya reli ya Bernina huko Uswisi, iliyokamilika mwaka 1910, ina upana uleule wa mita moja, na hupanda hadi mita 2,253. Mwaka 2008 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na abiria wake wanaofika Tirano huweza kuendelea kwa basi hadi Lugano kwa mpango mmoja wa safari. Waswisi wana fedha, ni kweli. Ila kumwambia dereva wa basi saa ya treni hakugharimu fedha.

Kwa hiyo Shirika la Reli Tanzania, Manispaa ya Kigoma Ujiji na wenye mabasi ya Kasulu wakae meza moja, wachague Jumamosi moja ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba, na wauze tiketi moja ya basi na treni. Mabehewa machache yanatosha kwa jaribio. Viti vikibaki vitupu, wapinzani watakuwa wameshinda kwa ushahidi.