Kadi ya Michoro ya Zamani na Madabodi Mpya: Je, Zitapatana?



Tangu maabara ya lugha ianze kubadilishiwa kompyuta, swali moja limekuwa likiulizwa idarani kila wiki: kadi za michoro zilizotolewa katika kompyuta za zamani zinaweza kutiwa katika madabodi mpya? Wanafunzi nao wanalo swali hilohilo, maana wengi hujiundia kompyuta kidogo kidogo. Leo hununua madabodi, mwezi ujao kumbukumbu, na kadi ya michoro huitafuta mtumba. Si swali dogo. Mwanafunzi akinunua kifaa kisichopatana na vingine, huenda fedha iliyopotea ndiyo aliyoiweka kwa kuchapa na kujalidi tasnifu.

Tuanze na istilahi. Madabodi ni ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta ambao vifaa vingine vyote huchomekwa humo. Wapo wanaouita ubao mama, lakini mafundi wa mjini husema madabodi, nami nitawafuata. (Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasidanganywe na hiyo ma- ya mwanzo: ni madabodi hii, madabodi hizi. Hakuna kitu kiitwacho dabodi.) Kadi ya michoro ni kile kibao kidogo kinachotengeneza picha na kuipeleka kwenye skrini.

Watu wengi huishia kutazama kama kadi inaingia katika tundu lake. Hiyo ni sawa na mwanafunzi anayesema "kitabu kizuri umepotea": kivumishi kimekubaliana na nomino, lakini kitenzi kimekwenda njia nyingine. Upatanisho unatakiwa katika sentensi nzima, na baina ya kadi na madabodi hali ni hiyohiyo.

Kuhusu tundu lenyewe, jibu ni jepesi. Kadi za kale zilitumia mfumo uitwao AGP, ulioanza mwaka 1997. Kadi ya AGP haiingii katika madabodi mpya, na hapo hakuna mjadala. Mfumo uliofuata, PCI Express, ulitangazwa mwaka 2003 na ndio unaotumika hadi leo. Umekuwa na matoleo kadhaa, lakini wabunifu wake walihakikisha kwamba toleo jipya linaelewana na la zamani. Kadi ya mwaka 2007 huchomeka katika madabodi ya mwaka 2022, na viwili hivyo huzungumza kwa kasi ya yule aliye mzito. Katika toleo la kwanza kila njia ya mawasiliano hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde, na katika toleo la tatu, la mwaka 2010, inakaribia gigabaiti moja. Kwa kazi zetu za kuandika, kusikiliza rekodi na kutazama video, tofauti hiyo haitaonekana. Jambo la kuangalia ni kwamba madabodi nyingi zina matundu marefu mawili, na la pili mara nyingi ni refu kwa umbo tu huku ndani likiwa na njia nne badala ya kumi na sita. Tumia lililo karibu zaidi na prosesa.

Umeme nao hauna mambo mengi. Tundu peke yake hutoa hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huwa na soketi yake ubavuni: ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza 150. GeForce GTX 660 ya mwaka 2012, kwa mfano, hutumia takriban wati 140 na haiwezi kufanya kazi bila waya huo. GeForce GT 710 hutumia wati 19 tu na haina soketi hiyo kabisa. Hakikisha kwamba kisanduku cha umeme cha kompyuta yako kina waya unaotakiwa, na kwamba kadi haigongi ukuta wa kasha kwa urefu wake.

Sasa tufike penye matata. Kompyuta inapowashwa, kabla ya Windows kuanza, kuna programu ndogo ndani ya madabodi inayoamsha vifaa vyote. Zamani iliitwa BIOS. Madabodi za leo zinatumia mrithi wake, UEFI, ambaye husemeshana na kadi kwa lugha nyingine. Kadi nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2012 zinaijua lugha ya BIOS tu. Ukiitia kadi kama hiyo katika madabodi mpya, feni itazunguka, taa zitawaka, na skrini itabaki nyeusi. Hakuna kilichoungua. Ni wazungumzaji wawili wasio na lugha ya pamoja.

Mkalimani yupo, na jina lake ni CSM. Hupatikana katika mipangilio ya madabodi, na katika nyingi za leo huja akiwa amezimwa. Akiwashwa, kadi ya zamani huweza kuonyesha picha. Lakini kuna mashaka mawili. Kwanza, si kila madabodi mpya inaye. Soma kitabu cha maelezo kabla ya kununua. Pili, Windows 11 inataka kompyuta inayotumia UEFI, na kinga zake nyingine huenda zikagoma CSM akiwa kazini. Kama kadi bado imo katika kompyuta yake ya zamani inayofanya kazi, iangalie kwa programu ya bure iitwayo GPU-Z. Humo mna kisanduku kidogo kilichoandikwa UEFI, na kikiwa na alama ya vema, kadi inaijua lugha mpya.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa, au wanapojiibia wenyewe. Skrini nyeusi huchukuliwa kuwa ushahidi wa kifo. Fundi asiye mwangalifu atasema madabodi imekufa, au kadi imekufa, na kifaa kizima kitatupwa au kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Kabla ya kukubali hukumu hiyo, toa kadi, chomeka waya wa skrini kwenye madabodi yenyewe, kisha washa. Picha ikitokea, madabodi ni nzima. Ingia katika mipangilio, washa CSM, zima kompyuta, rudisha kadi, jaribu tena.

Jaribio hilo linahitaji prosesa yenye uwezo wake wa michoro, na si zote zinao. Prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na herufi F hazina. Za AMD Ryzen za mfululizo wa 5000 kwa kawaida hazina pia, isipokuwa zenye herufi G. Mwenye prosesa ya namna hiyo aazime kadi mpya kidogo kwa nusu saa, aingie katika mipangilio kwa kuitumia.

Hata picha ikipatikana, bado iko programu inayoiongoza kadi ndani ya Windows, nayo hutolewa na mtengenezaji kwa miaka kadhaa tu. Kadi za familia ya GeForce 8, kama 8600 GT ya mwaka 2007, zilipata toleo la mwisho mwaka 2016. Hazifikii masharti ya Windows 11, ambayo inadai DirectX 12, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kadi za umri huo ningeshauri Linux, au kuziacha.

Skrini zetu za maabara ni suala la mwisho, maana nyingi bado zinatumia waya wa VGA, na projekta pia. Kadi yenye tundu la DVI-I hukubali kigeuzi cha bei ndogo kwenda VGA. Yenye DVI-D haikubali, inahitaji kigeuzi chenye mtambo ndani. Yatofautishe kwa kutazama: DVI-I ina vitundu vinne vya ziada kuzunguka ule mwanya bapa wa pembeni.

Na kwa wale ambao prosesa zao zina michoro ya ndani, jaribuni kwanza kufanya kazi bila kadi yoyote. Kwa kuhariri sauti za mahojiano na kuandika tasnifu, huenda msione haja ya kwenda dukani.