Alaimenti ya Gari la Rali Linalovuta Mbele kwa Barabara za Simiyu

Alaimenti ni upangaji wa pembe ambazo magurudumu hukaa nazo kwenye gari na juu ya ardhi. Kwa gari la rali linalovuta mbele, pembe hizo zina uzito wa pekee. Magurudumu mawili ya mbele ndiyo yanayovuta, ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya breki. Tairi iliyokwisha kutumia mshiko wake katika kuvuta hubakiwa na mshiko kidogo wa kukatia kona. Ndiyo maana gari la aina hii likiongezwa mafuta katikati ya kona hupeleka pua nje. Alaimenti nzuri hupunguza tabia hiyo, ingawa haiwezi kuiondoa kabisa.

Muundo wa kuvuta mbele si mgeni katika rali za Afrika Mashariki. Mashindano ya Coronation Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1956 washindi wake walikuwa Eric Cecil na Tony Vickers, wakiendesha DKW inayovuta mbele. Katika mashindano hayohayo, Saab 96 ya Pat Moss ilishika nafasi ya tatu mwaka 1962, na ya Erik Carlsson nafasi ya pili mwaka 1964. Leo magari madogo yanayovuta mbele, kama Toyota IST, Vitz na Passo, huwa na shokapu iliyosimama ndani ya springi kwa mbele na boriti moja kwa nyuma. Kanuni zinazofuata zinahusu muundo huo.

Pembe za kupangwa ni tatu. Ya kwanza ni kemba, yaani mlalo wa gurudumu linapotazamwa kutoka mbele ya gari. Sehemu ya juu ikiinamia ndani, kemba ni hasi. Ya pili ni kasta, mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukitazamwa kutoka ubavuni. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Ya tatu ni tou, mwelekeo wa magurudumu mawili yanapotazamwa kutoka juu. Yakikaribiana kwa mbele ni tou ya ndani. Yakiachana ni tou ya nje.

Katika gari linalovuta mbele, tou haitulii. Injini ikivuta, magurudumu husukuma mikono ya chini inayoyaunganisha na gari kuelekea mbele, bushi za mpira hubonyea, na magurudumu hujielekeza ndani kidogo. Kwa sababu hiyo mafundi wa rali huanza na tou ya nje ya kati ya milimita 0 na 2 kwa jumla, ili gari likivuta magurudumu yawe karibu sambamba. Tou ya nje kidogo pia hulifanya gari kuingia kona kwa wepesi. Ikizidi, gari hutangatanga kwenye barabara iliyonyooka na tairi huliwa upande wa ndani.

Uchaguzi wa vipimo hutegemea ardhi. Barabara kuu ya kutoka Lamadi kupitia Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi ina lami, lakini njia nyingi za vijijini mkoani Simiyu ni za changarawe na udongo. Kwenye miinuko kuna udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi masika. Juu ya lami kavu, kemba hasi ya digrii 2 hadi 3 husaidia tairi kulala vizuri kwenye kona. Juu ya changarawe, digrii 1 hadi 1.5 hutosha. Kwenye tope la mbuga kemba husogezwa karibu na sifuri, ili upana wote wa tairi ushike ardhi na kuvuta. Kasta ya digrii 4 hadi 6, iliyo sawa pande zote mbili, ni mwanzo mzuri.

Kabla ya kupima chochote, gari hukaguliwa. Tairodi, boljointi, bushi za mikono ya chini na beringi za magurudumu zisiwe na mchezo, kwa maana kipimo cha kiungo kilicholegea hakidumu hata kilomita chache za changarawe. Upepo wa tairi husawazishwa. Gari huwekwa kwenye sakafu iliyo sawa, likiwa na tairi ya akiba, mafuta nusu tangi, na uzito unaolingana na dereva na msomaji njia. Chini ya kila gurudumu la mbele huwekwa vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati, ili gurudumu ligeuke bila kukwama. Kisha gari husukumwa juu chini mara kadhaa ili springi zitulie.

Kazi huanzia nyuma, kisha mbele huenda kwa utaratibu huu: kasta, kemba, mwisho tou, kwa kuwa kila badiliko la kasta au kemba huivuruga tou. Boriti ya nyuma kwa kawaida haina nati ya kurekebisha; hurekebishwa kwa vibati vyembamba vinavyowekwa kati yake na habu. Kemba ya mbele hurekebishwa pale shokapu inapofungwa na habu, au kwenye kikalio cha juu cha shokapu kinachosogezwa.

Mashine ya kisasa ikikosekana, kamba na timazi hutosha. Kamba mbili hufungwa kwenye stendi, moja kila ubavu, kwa kimo cha katikati ya magurudumu. Husogezwa hadi ziwe sambamba, na kila moja iwe na umbali uleule kutoka habu ya ekseli husika kama mwenzake wa upande wa pili. Kisha hupimwa umbali kutoka kamba hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma. Mbele pakiwa milimita 151 na nyuma 152, gurudumu hilo lina tou ya nje ya milimita 1. Kwa rimu ya sentimita 38, hiyo ni kama dakika 9 za digrii. Kwa timazi iliyoning'inizwa kando ya rimu hiyohiyo, tofauti ya milimita 6.6 kati ya juu na chini ni kemba ya digrii 1. Kasta hupatikana kwa kugeuza gurudumu digrii 20 kila upande. Tofauti ya kemba kati ya mikao hiyo miwili huzidishwa kwa 1.5.

Tou ikirekebishwa, usukani hufungwa ukiwa umenyooka na tairodi mbili huzungushwa kwa kiasi kilekile. Gari lililoinuliwa kwa spesa lazima lipimwe upya, kwani kuinua hubadilisha mlalo wa tairodi na mikono ya chini, na hivyo kemba na tou.

Nati za kufungia hukazwa kwa nguvu na kuwekwa alama ya rangi, ili fundi aone mara moja ikiwa zimelegea. Usukani ukikaa upande baada ya kishindo cha shimo au korongo, huenda mkono wa chini au tairodi imepinda. Sehemu iliyopinda hubadilishwa, hainyooshwi kwa nyundo. Vipimo vya kila upande viandikwe pamoja na aina ya ardhi iliyopitwa na namna tairi zilivyoliwa. Kwa barabara za Simiyu, vipimo vya wastani vilivyo sawa pande zote na vilivyokazwa imara ni bora kuliko vipimo vikali visivyodumu hadi mwisho wa mbio.