Deni la Herufi

Mwaka 1992, Ward Cunningham, mtunga programu wa Marekani, alifananisha njia ya mkato katika kazi ya kompyuta na deni: leo unamaliza upesi, kesho unalipa pamoja na riba. Nasi wanafunzi wa lugha hukopa hivyo. Mwandishi wa kamusi ya Kilingala aweza kutumia fonti inayochora ɛ mahali pa alama nyingine. Mwanzoni hakuna shida. Lakini kompyuta isiyo na fonti hiyo huonyesha alama ile nyingine, na kila kidahizo kipya huongeza herufi za kusahihisha. Kuzoea kibodi ya Unicode huchukua muda, ila mara moja tu. Kwa zoezi la juma moja, kopa. Kwa kamusi itakayorithiwa na wengine, lipa kwanza.