Kipya Kinyemi, Ila Usiache Mbachao

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Naandika kutoka Mukuyuni, mahali palipopewa jina la mkuyu. Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Hao hao wakaonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Zamani nilidhani methali hizi mbili zinagombana. Aliyenifumbua macho ni mjomba wangu, fundi wa tarakilishi hapa sokoni. Katika makala haya nitaeleza jinsi mtengenezaji wa tovuti anavyoweza kufuata zana mpya na fikra mpya bila kuchanganyikiwa wala kuachwa nyuma.

Wacha nianze na kisa. Mjomba ana duka dogo la saiba. Mwaka wa 2012 alikitengenezea kikundi kimoja cha wakulima wa maembe tovuti. Jamani, ilipendeza! Maembe yalianguka kutoka juu, yakajipanga kikapuni, kisha bei zikajitokeza moja baada ya nyingine. Vyote hivyo alivifanya kwa zana iliyoitwa Flash. Wakulima walimsifu, wakawa wanamlipa kidogo kila mwaka ili aitunze.

Mwezi wa Januari 2021, nikiwa bado shule ya msingi, simu zilianza kulia. Ukurasa hauonyeshi kitu! Hakuna embe, hakuna bei. Mjomba alidhani ni virusi. Siku mbili alihangaika na mitambo yake. Kumbe Flash yenyewe ilikuwa imekwisha! Wakulima hawakungoja, wakampa kijana mwingine kazi hiyo. Nilimkuta mjomba ameketi nje ya duka, mkono shavuni. Sijaisahau sura yake.

"Mwanangu," aliniambia baadaye, "habari ilinipita nikiwa nimeketi hapa hapa."

Je, habari hiyo ilikuwapo? Naam, tena tele. Mwaka wa 2007 simu ya iPhone ilitoka bila uwezo wa kufungua Flash. Aprili 2010 Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, aliandika barua ya wazi akieleza sababu zake za kuikataa. Novemba 2011 Adobe, wenye Flash, walitangaza kuwa hawataiendeleza tena kwa vivinjari vya simu. Julai 2017 wakatangaza kuwa wataacha kabisa kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ikaanza kuzuia kazi zote za Flash zisifunguke. Hesabu mwenyewe, msomaji: tangu tangazo la 2017 hadi mwisho ni zaidi ya miaka mitatu. Isitoshe, mjomba alijenga tovuti yake baada ya dalili tatu za mwanzo kuonekana. Mabadiliko yalipiga hodi mara nyingi, lakini hakuna aliyekuwa mlangoni.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka wa 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi, alipendekeza njia ya kuunganisha maandishi yaliyo katika tarakilishi mbalimbali. Kufikia 1991 tovuti ya kwanza ilikuwa inasomwa. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaitoa teknolojia hiyo bure kwa ulimwengu mzima. Nakala ya tovuti hiyo ya kwanza imerudishwa kwenye anwani yake ya asili, nami nimeifungua kwa simu. Inasomeka vizuri kabisa! Flash imekwisha, ukurasa uliotangulia kuzaliwa ungali hai. Kwa nini?

Ni kwa sababu uliandikwa kwa HTML. Hii ni lugha ya alama zinazoiambia tarakilishi kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo. Lugha hii haimilikiwi na kampuni moja, na waundaji wa vivinjari hujitahidi sana wasivunje kurasa za zamani. Wenzake wawili ni CSS, iliyopitishwa rasmi mwaka wa 1996, ambayo hupanga rangi, ukubwa na nafasi. Na JavaScript, iliyobuniwa mwaka wa 1995, ambayo hufanya ukurasa utende jambo, kama vile kujumlisha bei ya maembe. Hizi tatu ndizo shina. Zana nyingine, kama vile jQuery ya mwaka wa 2006 na React ya 2013, ni matawi yaliyoota juu ya JavaScript. Anayeijua JavaScript yenyewe atahama kutoka tawi hili hadi lile. Aliyejua tawi tu, likikatika ataanguka nalo.

Si zana pekee zinazobadilika. Fikra nazo hubadilika. Mwaka wa 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alieleza namna ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa kioo. Fikra hiyo inatufaa sana sisi, kwa maana watu wengi hapa kijijini hufungua intaneti kwa simu.

Basi tufanyeje? Nina mashauri manne niliyoyajaribu mwenyewe.

Kwanza, soma shina kabla ya matawi. Katika kidato cha tatu tunafundishwa misingi ya kuandika programu, na wengine hunung'unika kwamba mifano ya Pascal ni ya kale, maana lugha hiyo ilitoka 1970. Lakini masharti na marudio tunayojifunza humo yamo pia katika JavaScript. Usidharau somo.

Pili, tenga saa moja kwa juma ya kusoma habari za zana unazotumia, tena kutoka kwa wanaozitengeneza. Kampuni ya Mozilla, yenye kivinjari cha Firefox, ina maelezo ya bure yaitwayo MDN, na huko huandikwa kitu gani kimepitwa na wakati. Sisi wanafunzi wa kutwa hufika nyumbani jioni, kuna maji ya kuteka na mbuzi wa kufunga, na bando nayo haikai. Mimi hufungua kurasa pale saiba Jumamosi, nazihifadhi, kisha nazisoma nyumbani polepole.

Tatu, usikimbilie kila kipya. Jiulize: Kinatatua tatizo gani nililo nalo? Nani anakitunza, na akichoka, wengine wanaweza kuendelea? Je, kitafunguka katika simu ya nyanya? Jibu likiwa bovu, pita zako. Hata akili bandia, inayoweza kukuandikia ukurasa mzima, imejifunza kutokana na maandishi ya zamani na mapya pamoja. Inaweza kukupa njia iliyokufa kwa ujasiri mkubwa. Hakiki.

Nne, jenga kitu kidogo chenye faida. Ujuzi usiotumika huota kutu.

Pengine utasema, sisi ni watu wa kufuata tu, wabunifu wako ng'ambo. La hasha! Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi, tovuti iliyokusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Walitumia vitu vilivyokuwapo: ujumbe mfupi wa simu, barua pepe na ramani. Mwaka wa 2010 programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Zana iliyozaliwa kwa shida zetu ikawafaa wengine.

Na mjomba je? Likizo iliyopita tuliketi naye tukaijenga upya ile tovuti ya maembe kwa HTML na CSS. Yeye alijua mpangilio wa bei na lugha ya wanunuzi. Mimi nilijua namna ya kuufanya ukurasa ukae vizuri katika kioo kidogo. Maembe hayaanguki tena kutoka juu. Tuliijaribu kwa simu ya nyanya, yenye kioo kilichopasuka, ikafunguka mara moja. Nyanya aliisoma bei kwa sauti, akalalamika kwamba ni ya chini mno!

Mjomba ameipeleka kwa wakulima wale. Hadi ninapoandika haya hawajatoa jibu. Lakini kila Jumamosi ninapofika saiba nampata amekwisha kufungua MDN, daftari mkononi, ananingoja tusome.

Hapa ndipo ninapotia nanga. Elimu haina mwisho, wala kuuliza si ujinga. Wasalaam.