Injini ikizima katikati ya ziwa, nahodha ndiyo anaonekana

KAOZE, RUKWA: MECHI ya ugenini kwa timu za mwambao haianzi refa anapopuliza kipyenga. Inaanza pale nahodha anapovuta kamba ya injini ya boti, jezi zikiwa kwenye mfuko wa salfeti, mama kakaa na mtoto mapajani na shabiki mmoja ameshaanza kupuliza vuvuzela.

Injini ikinguruma, raha tupu. Ikizima katikati ya maji, hapo ndipo utajua kama una kikosi au una watazamaji.

Huku Kaoze, Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya safu ya Lyambalyamfipa, maji yapo jirani na mpira upo damuni. Oktoba 22, 2020, Tanzania Prisons waliilaza Simba bao 1-0 pale Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, mfungaji akiwa Samson Mbangula. Mechi ya namna hiyo mtu hakubali kusimuliwa. Atapanda lori, atadandia bodaboda, na anayetoka ng'ambo ya maji atapanda boti, tena na familia yake.

Kupanda si kazi. Kazi ni kufika.

Krismasi ya Ziwa Albert

Desemba 25, 2016, timu ya kijiji na mashabiki wake walipanda boti kutoka Wilaya ya Buliisa, Uganda, kwenda upande wa Hoima kucheza mechi ya kirafiki ya Krismasi. Hawakufika. Boti ilipinduka ndani ya Ziwa Albert. Polisi walisema ilikuwa na watu wapatao 45, na waliookolewa ni 15 tu.

Siku ile hakukuwa na dhoruba. Polisi walieleza kwamba watu walizidi uwezo wa boti, na shangwe zikafanya uzito uelemee upande mmoja. Yaani zile nyimbo ambazo jukwaani zinampandisha mzuka straika, ndani ya boti zinaua.

Miaka miwili baadaye, Septemba 20, 2018, ikaja zamu ya MV Nyerere pale Ukara, Ziwa Victoria. Kivuko hicho kilikuwa cha abiria 101, lakini waliokufa peke yao walifika 228. Injini zake zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa miezi michache kabla. Maana yake injini nzima haiwezi kukuokoa kama mzigo umezidi. Na ikizima huku umejaza, umeanza mechi ukiwa nyuma mabao matatu.

Uwanja huu una nyasi zake

Kila ziwa lina mchezo wake. Rukwa halina kina kirefu, wastani wake ni mita chache tu, na maji yake hupanda na kushuka miaka hata miaka. Upepo ukivuma, mawimbi mafupi yenye hasira yanainuka fasta. Propela inaweza kugonga tope au kunasa nyavu. Halafu kuna mamba na viboko, kwa hiyo habari ya kuruka majini ili utazame kilichonasa, sahau.

Upande wa pili wa Ufipa kuna Tanganyika, lenye kina cha hadi mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Rukwa injini ikizima unatupa nanga, inashika. Tanganyika ukiwa mbali na ufukwe, nanga itaning'inia tu, haina pa kushika.

Dakika tano za kwanza

Injini ikizima, kosa la kwanza ni watu kusimama. Kila mtu akae chini, katikati ya boti, watoto wakae karibu na wazazi wao. Jaketi okozi zivaliwe tangu ufukweni. Mtoto apewe la saizi yake, maana la mtu mzima linamchomoka akigusa maji.

Kosa la pili ni kuiacha boti igeuke ubavu kwa mawimbi. Pua ya boti ielekezwe kwenye wimbi. Penye kina kifupi, nanga ifungwe mbele, kamba iachiwe ndefu. Penye kina kirefu, funga ndoo au turubai kwenye kamba, ifunge puani na uitupe majini. Itavuta maji na kuishikilia pua isigeuke. Usifunge nyuma, wimbi litaingia mlemle kwenye injini.

Boti ikishatulia, ndipo fundi aingie kazini. Anza na vitu vidogo, kwa sababu mara nyingi ndivyo vinavyofunga bao.

Tazama mafuta kwanza. Je, tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limefunguliwa? Likifungwa, injini inakunywa kidogo, inakohoa, inazima. Mpira wa mafuta umechomoka? Bonyeza ile pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Ukiona maji kwenye kichujio, yamwage. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imelewa, iache dakika kadhaa kabla ya kuvuta tena. Na sigara marufuku.

Kamba nyekundu ya kuzimia injini nayo huchomoka watu wakigombania nafasi. Jamaa wanaweza kuvuta nusu saa nzima, kumbe tatizo ni hiyo tu.

Kama kale kamrija ka maji nyuma ya injini kameacha kutoa maji, zima haraka. Majani au mfuko wa plastiki umeziba njia ya kupoozea. Inua injini, safisha ukiwa ndani ya boti, iache ipoe.

Injini ikinguruma lakini boti haiendi, shuku propela. Injini nyingi ndogo zina pini inayokatika propela ikigonga kitu, ili gia zipone. Pini ni kitu kidogo sana, lakini bila ya akiba unalala ziwani.

Benchi lazima liwe na watu

Kocha hawezi kwenda ugenini na wachezaji 11 tu. Boti nayo inataka benchi: plagi mbili, pini, spana, kamba, tochi, kafi, ndoo ya kukombea maji, filimbi na simu iliyofungwa ndani ya nailoni. Mafuta yagawe mara tatu: fungu la kwendea, la kurudia, na la dharura ambalo halichezewi.

Kabla ya kung'oa nanga, aachwe mtu ufukweni anayejua mmeondoka saa ngapi, mko wangapi na mnafika saa ngapi. Muda ukipita, huyo ndiye anapiga simu na kutafuta boti ya kuwafuata. Na mkipinduka, shikeni boti. Nchi kavu huonekana karibu kuliko ilivyo, na wengi wameishia njiani wakiogelea kuifuata.

Kiswahili hakikukosea. Anayevaa kitambaa uwanjani na anayeshika usukani majini wote wanaitwa nahodha. Wa uwanjani anaruhusiwa kubishana na refa. Wa majini kazi yake ngumu ni kubishana na watu wake mwenyewe: kumwambia shemeji ashuke kwa sababu boti imejaa, kuwaambia vijana wa vuvuzela wakae chini, na kuwaambia wote kwamba leo upepo haufai, hakuna safari.

Watanuna. Watasema amewakosesha mechi. Lakini mechi ina kanuni ya kuahirishwa na ligi ina mzunguko wa pili. Ziwa halina marudiano.