Uwanja wa gofu wa sisi tusiojua gofu

Tulipofika shimo la 11 nilikuwa nimeshapoteza mipira tisa. Minne ilizama bwawani, mitano ilimezwa na majani marefu kiasi kwamba mtu angeweza kufuga digidigi humo na jirani asijue. Kedi wangu, kijana mpole aliyekuwa amevua viatu tangu shimo la nne ili asipoteze muda kuvivua tena, alifungua mfuko, akachungulia ndani, akasema kwa adabu zote: "Mzee, imebaki miwili." Nikamuuliza mashimo yamebaki mangapi. "Saba na hili, mzee." Hesabu ile haikuhitaji kalamu.

Uwanja wenyewe sitautaja. Uko huku huku Afrika Mashariki, na pichani unapendeza kama bibi harusi. Mapokezi wanajivunia kwamba ni mgumu kuliko wote wa jirani. Nilipokuwa nakunywa soda baada ya kushindwa kumaliza, nilitazama waliokuwa wakitoka uwanjani na nyuso zao: mhasibu, daktari wa meno, mwalimu mstaafu, shemeji wa mtu fulani aliyealikwa. Mabingwa wa kulipwa hawakuwapo. Sasa ugumu ule uliotengenezwa kwa fedha nyingi namna ile ulikuwa wa kumtesa nani?

Wapo watakaoniambia mchagua jembe si mkulima. Sawa, nakubali, mimi si mkulima hodari. Lakini hata jembe lazima liwe na mpini.

Ubishi huu, wa uwanja umtese nani, una zaidi ya miaka mia moja. Upande mmoja walikuwapo watu kama Henry Fownes na mwanawe William, waliojenga Oakmont karibu na Pittsburgh, Marekani, kuanzia mwaka 1903. Falsafa yao ilikuwa fupi: ukikosea, ulipe, na usirudishiwe chenji. Wakati fulani Oakmont ilikuwa na banka za mchanga zaidi ya 200, na mchanga wenyewe walikuwa wakiupitisha reki zenye meno mapana ili mpira uzame kwenye matuta kama mbegu shambani. Bingwa akifika pale hutokwa jasho. Mtu wa kawaida hutokwa machozi.

Upande wa pili alisimama daktari. Alister MacKenzie alikuwa tabibu wa Kiingereza mwenye asili ya Uskoti, aliyekwenda Afrika Kusini wakati wa Vita vya Makaburu na kushangazwa na jinsi wapiganaji wa Kikaburu walivyojificha kwenye ardhi tupu hadi adui asiwaone. Aliporudi kwao aliipeleka elimu ile ya kuficha na kudanganya macho kwenye ujenzi wa viwanja vya gofu: banka inayoonekana iko mguuni mwa grini, ule uga wa nyasi fupi wenye shimo na bendera, kumbe iko mbali, kilima kinachotisha kumbe hakidhuru. Mwaka 1920 alichapisha kitabu kidogo kuhusu kazi hiyo, akaorodhesha kanuni 13. Mbili kati ya hizo zinanihusu mimi na wenzangu moja kwa moja. Kwanza, uwanja upangwe hivi kwamba hata anayeanza kujifunza aufurahie, ijapokuwa mikwaju yake inazidi kulundikana. Pili, mtu aondolewe kabisa kero ya kutafuta mpira uliopotea.

Hiyo ya pili watu huipita haraka, nami nataka nikae hapo kidogo. Sheria za sasa, tangu mwaka 2019, zinampa mchezaji dakika tatu za kuutafuta mpira. Asipouona, anaongezewa mkwaju na kurudi alikopigia. Kwenye karatasi inaonekana adhabu ndogo. Uwanjani ni watu wanne na kedi wanne wameinama majanini kama wanaookota uyoga, huku kundi la nyuma limesimama mikono kiunoni. Jambo hilo likitokea mara kumi na mbili, duru ya saa nne inakuwa ya saa tano na nusu, mazungumzo yamekufa, na mpira mpya una bei ambayo sitaki mke wangu aisome gazetini. Mwanamume mzima anaweza kuvumilia kupiga vibaya. Kutembea akitafuta kitu asichokiona ndiko kunakomchosha.

Basi huyo mchezaji wa kawaida ni nani? Ajabu ni kwamba wakubwa wa mchezo huu wanamjua vizuri. Uwanja unapopimwa rasmi, hupimwa mara mbili: mara moja kwa macho ya mchezaji hodari asiye na hendikapu (ile nafuu ya mikwaju anayopewa mchezaji dhaifu), anayepiga mkwaju wa kwanza yadi 250, na mara ya pili kwa macho ya mtu mwenye hendikapu ya karibu 20, ambaye mkwaju wake wa kwanza huishia yadi 200. Kwa wanawake vipimo hivyo ni 210 na 150. Tofauti kati ya taabu ya yule na taabu ya huyu hugeuzwa kuwa namba moja, inayoitwa slopu, kuanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo ya wastani.

Wengi pale klabuni hudhani slopu ni ugumu wa uwanja, na hujivunia ikiwa kubwa. Sivyo. Slopu hupima uwanja unavyomwonea mnyonge. Viwanja viwili vinaweza kumsumbua bingwa sawasawa, lakini kimoja kikanipa mimi mikwaju 95 na kicheko, kingine kikanipa mikwaju 115 na begi tupu.

Kuelewa tofauti hiyo, twende St Andrews, pwani ya mashariki ya Uskoti, kwenye uwanja wanaouita Old Course. Ndiko idadi ya mashimo 18 ilikotoka: walikuwa na duru ya mashimo 22, mwaka 1764 wakayaunganisha baadhi, na dunia nzima ikaja kufuata. Uwanja huo ni mali ya umma. Jumapili hufungwa kwa mchezo, na wakazi wa mji hutembea humo na mbwa wao kama bustani ya manispaa. Una banka 112, nyingine zina majina ya kutisha, mojawapo ni Jehanamu. Kwa hesabu hiyo ungetarajia machinjio.

Lakini tazama upana. Shimo la kwanza na la 18 hutumia feawei moja, yaani ile njia ya nyasi zilizokatwa, na upana wake unazidi mita 100. Grini saba ni za watu wawili wawili, kubwa kama viwanja vya mpira, kiasi kwamba kundi linaloenda na kundi linalorudi hukutana hapo na kusalimiana. Mchezaji dhaifu karibu hana njia ya kuupoteza mpira wake, na akienda polepole kushoto, mbali na hatari, atafika. Ni mtu mwenye tamaa ya kupunguza mikwaju anayejikuta akikaribia banka moja baada ya nyingine.

Shimo la 17 linaonyesha hilo kuliko jingine. Ukitaka kuikabili grini kwa pembe nzuri, unapaswa kupitisha mpira wa kwanza juu ya kona ya hoteli, upande wa kulia. Ukiogopa, na mimi ningeogopa, kushoto kuko wazi na hakuna atakayekuzuia. Bei yake ni kwamba sasa kati yako na bendera kuna banka ya kina kirefu, na nyuma ya grini kuna barabara. Mwoga mwenye akili hupiga mkwaju wa pili mfupi, wa tatu mfupi zaidi, akamaliza kwa mitano. Shujaa aliyekosea kidogo humaliza kwa minane, na mabingwa wakubwa wameshafanyiwa hivyo hadharani. Uwanja umemkaribisha kila mmoja, ukamwacha achague deni lake mwenyewe.

Hapo ndipo naona siri yote ilipo. Watu husema mchezaji wa kawaida anataka uwanja rahisi. Urahisi unachosha, kuna viwanja tambarare visivyo na lolote, unamaliza duru usikumbuke hata shimo moja. Tunachotaka ni kuulizwa swali tunaloweza kulijibu. Bwawa lililolala mbele ya grini kuanzia ukingo hadi ukingo haliulizi swali. Linatoa amri: ruka. Asiyeweza kuruka hana la kufanya ila kuandaa mpira mwingine. Lisogeze bwawa hilo hilo pembeni, acha mlango wa nyasi fupi mbele ya grini ili mpira uweze kubingirika ukaingia, na hapo nami nina neno la kusema.

Hata vipenzi wa Old Course hawakuupenda uwanja huo mara moja. Bobby Jones, Mmarekani, alipocheza pale mwaka 1921 akiwa kijana wa miaka 19, alikwama kwenye banka ya shimo la 11 na kuacha duru katikati kwa hasira. Alirudi mwaka 1927 akashinda mashindano makubwa ya The Open pale pale, na mwaka 1958 mji ukamfanya raia wake wa heshima. Na alipotaka kujenga uwanja wake mwenyewe huko Georgia, alimwita nani? Yule yule Dakta MacKenzie. Augusta National, ambako mashindano ya Masters yalianza mwaka 1934, ilifunguliwa ikiwa na feawei pana, bila nyasi ndefu za kutisha, na banka zisizofika 30. Mtu anayeiona kwenye televisheni leo hawezi kudhani kwamba iliwazwa kwa ajili ya mwanachama wa kawaida, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Mskoti mmoja, David McLay Kidd, mtoto wa mtunza uwanja. Mwaka 1999, akiwa bado kijana, alifungua uwanja wa Bandon Dunes kwenye pwani ya Oregon. Mwenye mradi, Mike Keiser, alikuwa mfanyabiashara wa kadi za salamu, si mwanagofu wa kulipwa, na alijua biashara: mteja akiteswa leo, kesho haji. Bandon Dunes iko mbali na kila kitu, watu hutembea kwa miguu, upepo wa bahari unapuliza, na bado wakamiminika.

Kisha sifa zikaja, na sifa huja na ushauri mbaya. Mwaka 2008 Kidd alifungua viwanja viwili, Castle Course huko huko St Andrews na Tetherow kule Oregon, ambavyo wachezaji wengi walivilalamikia kuwa vikali kupita kiasi. Ule wa St Andrews ukaja kulainishwa baadaye. Naye hakuficha kwamba alikuwa amepotea njia kwa kufuata ugumu. Mwaka 2014 akaja na Gamble Sands katika jimbo la Washington, feawei pana kama ubao wa kuandikia, na miteremko inayousaidia mpira kuikaribia bendera badala ya kuukimbiza. Mwaka 2018 akafanya hivyo tena huko Wisconsin, kwenye uwanja wa Mammoth Dunes. Nampenda fundi anayeweza kusema nilikosea, kisha akatengeneza upya.

Upana hata hivyo si dawa ikiwa uwanja ni mrefu mno. Mwanamume wa kawaida, mkwaju wake wa kwanza ni kama yadi 215. Bingwa wa kulipwa hukaribia 300. Kwenye shimo la yadi 420, yeye amebakiwa na 120 na fimbo fupi mkononi. Mimi nimebakiwa na 205, yaani nianze upya. Tunasema tunacheza shimo moja, lakini ni michezo miwili. Wanawake wamelijua hilo kwa uchungu zaidi, na aliyelipigania kwa miaka mingi ni Alice Dye, mchezaji na mbunifu, mke wa mbunifu mwenzake Pete Dye, ambaye mwaka 1983 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wabunifu wa viwanja vya gofu Marekani. Alitaka tii za mbele, yaani mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza, zipangwe kwa vipimo halisi vya mikwaju ya wanawake, na ziwe zaidi ya moja, badala ya kibao kilichochomekwa popote kama jambo lililokumbukwa mwishoni. Ndiye pia aliyempa mumewe wazo la ile grini ya kisiwani ya uwanja wa TPC Sawgrass, inayomeza mipira bila huruma. Binadamu hatulingani na nafsi zetu.

Kwa upande wa wanaume tatizo ni fahari. Nimeona mtu wa miaka 65, goti bovu, akikataa tii ya mbele kwa sababu kibao ni chekundu, rangi iliyozoeleka kuwa ya wanawake. Huku kwetu hesabu ina mzaha wake pia: Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali. Bwana yule akishuka Mombasa au Dar es Salaam na tarakimu zake za Nairobi, hewa nzito ya pwani humkumbusha umri wake kabla ya shimo la tatu.

Najua wanaosimamia klabu watauliza upana ule wa feawei niliousifu utamwagiliwa na nani. Swali la haki. Lakini nyasi fupi kavu si lazima ziwe kijani. Viwanja vya pwani ya Uskoti hugeuka rangi ya nyasi za Januari na mpira hubingirika vizuri zaidi. Na wakongwe wa huku wanakumbuka zile grini za mchanga uliochanganywa na mafuta, ukishamaliza unapiga ufagio, unaondoka. Hakuna aliyeziona nzuri, na watu walicheza hadi jua likazama.

Siku hizi Jumamosi nakwenda kwenye uwanja mwingine wa mashimo tisa, tunauzunguka mara mbili. Hauna bwawa hata moja. Kuna mwembe katikati ya feawei ya shimo la sita: ukipita kulia ni karibu lakini kuna korongo, kushoto ni mbali na salama, nami hadi leo nabadilisha mawazo fimbo ikiwa juu. Juzi nilimaliza kwa mikwaju 97. Yule kijana aliyekuwa akivua viatu naye amehamia huku. Alichukua mpira kutoka shimo la mwisho, akaufuta kwa kanga yake ya kufutia, akaugeuza akatafuta alama niliyoichora kwa kalamu asubuhi.

"Mzee," akasema, "ni ule ule."