Mashine Ndogo za Kazi ya Miti: Kuzinunua na Kuzitunza

Maelezo kwa wenye mikorosho na miembe wa Kibaha na Kisarawe

Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe yako mashamba mengi ya mikorosho yaliyopandwa zamani, na wengi wa wenyewe hawashindi shambani kila siku. Mmoja ana duka Mlandizi. Mwingine huenda kazini Dar es Salaam na kurudi shambani Jumamosi. Mwingine ana mikorosho yake Maneromango lakini riziki yake kubwa ni udereva. Mkulima wa namna hii akiona matawi yamesongana huwaza kununua msumeno wa mnyororo, ule ambao wengi huuita chenso, na pengine mashine ya kupulizia salfa pia.

Maelezo haya ni kwa ajili yake. Neno kubwa la kushika ni hili: mashine inayofanya kazi siku chache kwa mwaka haifi shambani, hufa stoo. Kwa hiyo fikiri kwanza kama yafaa uinunue, na ukiisha kuinunua, itunze zaidi katika miezi ambayo haina kazi.

1. KWANZA JUA KAZI ULIYO NAYO

Mkorosho hutoa maua kwenye ncha za matawi yanayopata jua. Miti ikisongana, matawi ya ndani na ya chini hukosa jua, na mavuno hubaki juu kileleni tu. Nafasi inayoshauriwa ni meta 12 kwa meta 12, yaani kama miti 28 kwa eka moja. Shamba la zamani mara nyingi lina miti mingi kuliko hiyo, na hapo kuna kazi mbili: kupunguza miti iliyozidi, na kupogoa ile inayobaki. Kazi hiyo ifanywe baada ya mavuno kwisha na kabla ya maua mapya kuanza.

Sasa angalia jambo moja ambalo wengi hawalioni. Kazi nzito ya msumeno ni ya mwaka wa kwanza tu. Shamba likiisha kufunguliwa, na mwenyewe akalipogoa kila mwaka, matawi ya kukatwa huwa membamba, na panga kali pamoja na msumeno wa mkono vyatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

2. PIGA HESABU KABLA YA KUNUNUA

Tuseme una eka 4, yaani miti 112. Tuseme mtu mwenye msumeno na msaidizi wake humaliza miti 10 kwa siku. Mwaka wa kwanza wahitaji siku 11 hivi. Miaka inayofuata, siku 3 zatosha. Kwa miaka 5 jumla yake ni siku 23.

Uliza fundi wa msumeno kijijini kwako anatoza kiasi gani kwa siku, kisha uliza dukani bei ya msumeno mzima. Ikiwa bei ya msumeno ni sawa na ujira wa siku 30, basi kukodi ni bora kwako, maana siku zako ni 23 tu. Tena hujahesabu petroli, oili, mnyororo wa pili, tupa na matengenezo.

Lakini jirani yako akiwa na eka 5 zilizosongana vilevile, nanyi mkaungana, mnayo miti 252. Mwaka wa kwanza ni siku 25, na kila mwaka unaofuata ni siku 7 hivi. Kwa miaka 5 ni siku 53. Hapo kununua kwa shirika kuna faida. Ila mwandikiane kabisa: nani anaitunza, nani anaruhusiwa kuishika, na ikiharibika nani analipa. Mali ya watu wawili isiyo na mtunzaji mmoja huharibika upesi.

Tumia hesabu hii kwa idadi ya miti yako mwenyewe na bei za kwenu. Usinunue kwa sababu jirani amenunua.

3. UKINUNUA, NUNUA HIVI

Kwa mkulima wa kazi chache, msumeno wenye bamba la inchi 14 mpaka 16 watosha. (Bamba ni lile pande refu la chuma ambalo mnyororo huzunguka ukingoni mwake.) Msumeno mkubwa wa kupasulia magogo ni mzito, huchosha mikono, na mtu aliyechoka hujikata.

Nunua mashine ambayo vipuri vyake vyapatikana karibu. Kabla ya kulipa, uliza bei na upatikanaji wa vitu vitano: mnyororo, bamba, plagi, chujio la hewa na kamba ya kuwashia. Kama muuzaji hana hata kimoja, na fundi wako hajui pa kuvipata Kariakoo, iache. Jihadhari pia na mashine za bandia. Majina makubwa kama Stihl na Husqvarna huigwa, na bei ndogo mno ni dalili ya kwanza.

Kwa mashine iliyokwisha kutumika, fanya majaribio haya:

(a) Gusa eksozi kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha kabla hujafika. Ngoja ipoe, kisha uiwashe mwenyewe.
(b) Vuta kamba ya kuwashia polepole. Lazima ikupinge. Ikija laini kama kamba ya kisima, injini imechakaa.
(c) Washa, kisha sukuma kinga ya mbele mbele. Hiyo ndiyo breki ya mnyororo, na mnyororo shurti usimame mara moja. Usinunue msumeno usio na breki inayofanya kazi.
(d) Angalia kingo za bamba. Zikiwa zimeliwa upande mmoja, utanunua bamba jingine.

4. SHERIA

Kabla hujatoa fedha, fika kwa Afisa Misitu wa wilaya yako, uulize masharti ya kumiliki na kuutumia msumeno, na kibali kinachotakiwa kwa kuangusha miti na kusafirisha mbao, kuni au mkaa. Misitu inalindwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na sisi wa Kisarawe na Kibaha tunakaa kando ya misitu ya hifadhi: Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu.

Usimwazime msumeno mtu asiyekuonyesha mti anaokwenda kuukata. Ukikamatwa hifadhini kwa kukata miti ya mkaa, chombo huchukuliwa, na jina litakaloulizwa la kwanza ni la mwenyewe. Fedha uliyoiweka kwa miaka miwili yaweza kupotea kwa usiku mmoja.

5. PETROLI NA OILI

Injini ya msumeno, na ile ya mashine ya kubeba mgongoni, kwa kawaida haina oili ya peke yake. Huipata oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Ukitia petroli tupu, injini hukwama, na huenda isitengenezeke tena.

Soma kitabu cha mashine yako ujue kipimo chake. Vipimo vya kawaida ni hivi:

Kipimo cha 1 kwa 50: petroli lita 1, oili mililita 20, petroli lita 5, oili mililita 100.
Kipimo cha 1 kwa 25: petroli lita 1, oili mililita 40, petroli lita 5, oili mililita 200.

Oili iwe ile iliyotengenezwa kwa injini za namna hii, si oili ya gari. Pima kwa chombo chenye alama, wala usikisie kwa kifuniko cha chupa. Changanya katika dumu safi, tikisa vizuri, na uandike tarehe juu ya dumu. Changanya kiasi cha kazi ya wiki hiyo tu. Mchanganyiko uliopita mwezi mmoja usiutie katika mashine.

Sababu yake ni hii. Petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi huruka hewani, na inayobaki hugeuka kuwa kama gundi. Gundi hiyo huziba vitundu vidogo vya kabureta na kukausha ngozi za mpira zilizomo ndani yake. Ndiyo maana msumeno uliowekwa ukiwa mzima mwezi wa Mei hukataa kuwaka Februari inayofuata, na mwenyewe husema ameuziwa kitu kibovu.

6. MNYORORO

Udongo wetu wa Pwani ni mchanga, na mchanga ni adui wa mnyororo. Meno yakigusa ardhi mara moja tu, makali yamekwenda. Weka kipande cha gogo chini ya tawi kabla ya kulikata, na kipanguse kigogo chenye tope au mchanga.

Angalia unga unaotoka. Ukiwa wa vipande vipande, mnyororo ni mkali. Ukiwa vumbi laini, au ukiona unalazimika kuukandamiza msumeno, simama unoe. Tumia tupa ya mviringo ya ukubwa unaolingana na mnyororo wako. Sukuma kuelekea mbele tu, usirudishe kwa nguvu. Kila jino lipate idadi sawa ya misukumo, mathalani mitatu. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande wa pili, msumeno hukata kwa kupinda.

Mnyororo uwe umekaza kiasi cha kutoning'inia chini ya bamba, na bado uweze kuuvuta kwa mkono uliovaa glovu, injini ikiwa imezimwa. Kila ujazapo petroli, jaza na oili ya mnyororo. Usitumie oili chafu iliyotoka katika gari, maana ina chembe za chuma zinazolikwangua bamba.

7. KUKATA KWA SALAMA

Vaa kofia ngumu, miwani ya kinga, buti na suruali nzito. Usikate peke yako. Usipande juu ya mti wala ngazi na msumeno unaowaka. Matawi ya juu yakatwe kwa msumeno wa mkono uliofungwa mtini. Usiinue msumeno kupita bega.

Jihadhari na ncha ya bamba. Sehemu yake ya juu ikigusa tawi jingine, msumeno hurushwa nyuma kuelekea uso wako kabla hujawahi kufikiri. Katikati ya mkorosho uliosongana jambo hili ni rahisi kutokea, kwa hiyo ondoa kwanza vitawi vidogo kwa panga upate nafasi.

Tawi nene likate mara mbili: kwanza kutoka chini kiasi cha theluthi, kisha kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza. Hivyo halitachana gamba la shina. Mwisho safisha kisiki karibu na shina bila kulijeruhi shina lenyewe.

Usijaze petroli injini ikiwa ya moto, wala usiiwashe pale pale ulipojazia. Sogea hatua kadhaa, hasa wakati wa nyasi kavu.

8. MASHINE YA KUPULIZIA

Mashine ya kubeba mgongoni hutumika kupulizia salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga wakati wa maua. Matunzo ya injini yake ni kama yale ya msumeno. Lakini salfa ina mambo yake mawili. Kwanza, ikipata unyevu hula chuma. Kwa hiyo kila jioni mwaga iliyobaki, pangusa tangi na mabomba yakauke, na pangusa injini kwa kitambaa. Pili, vumbi lake huweza kushika moto. Usivute sigara karibu, na kama mashine ina waya au mnyororo mwembamba wa kuburuta chini, usiukate: kazi yake ni kupeleka ardhini umeme unaojikusanya bombani. Funika pua na mdomo, vaa miwani, na pulizia asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia.

9. KUILAZA MASHINE

Mashine itakayokaa zaidi ya mwezi mmoja ilazwe hivi:

(1) Mwaga petroli yote kutoka tangini.
(2) Iwashe iungurume polepole mpaka ijizime yenyewe, ili kabureta ikauke.
(3) Toa chujio la hewa, likung'ute, na kama kitabu chake chasema laoshwa, lioshe na ulikaushe kabisa.
(4) Fungua plagi, tia oili safi kijiko kimoja cha chai, vuta kamba polepole mara chache, kisha rudisha plagi.
(5) Vua mnyororo, uusafishe utomvu kwa mafuta ya taa, na uulaze katika oili. Safisha mfereji wa bamba. Ukirudisha bamba, ligeuze, la juu liwe chini, lipate kulika sawasawa.
(6) Ziba eksozi kwa kitambaa, maana nyigu hupenda kujenga humo kwa udongo. Iweke juu ya rafu, mbali na panya, mbolea, chumvi na salfa.

Kazi hii yote haizidi saa moja. Kuikwepa hugharimu kabureta mpya, na pengine msimu mzima wa kupogoa.

Mwisho, weka daftari dogo pamoja na mashine. Andika tarehe, saa ilizofanya kazi, petroli iliyotumika, kipuri kilichobadilishwa, na jina la aliyeitumia. Baada ya mwaka daftari hilo litakuambia kama mashine inakulipa au unailipa wewe. Ukiona mashaka, lichukue uende nalo kwa Bwana Shamba wa kata yako, naye ataweza kukupa shauri kwa hesabu na si kwa kubahatisha.